Feri ya Jumamosi kutoka Cherbourg

Quimper, Ufaransa
4 Septemba 1986

Mdogo wangu Breda,

Tumefika salama, na natumaini kuku wangu nao ni wazima. Feri ilitutikisa njia nzima. Mogue hakutapika hata mara moja, alikaa akiwacheka waliotapika, na mimi mkewe nilikuwa mmoja wao.

Gari linakwenda. Wewe na jirani yetu Lar Codd mlisema gari kuukuu la kusambazia mkate, hata seremala kama Mogue alitie vitanda na jiko na mapazia, litazimika kabla hatujatoka bandarini Rosslare. Basi limefika Quimper, na asubuhi jua likilipiga bado linanuka mkate. Mogue amejichongea kirafu cha kikombe karibu na mto wake, na akijilaza anakitazama kama mtu aliyejenga kanisa.

Sasa la maana, lile nililokwambia Julai. Bado hajui, Breda. Hajui lolote. Daktari alinivuta kwenye korido akaniambia mimi, kama wanavyofanya siku zote, na mimi nikamwambia Mogue ni vidonda vya tumbo. Akaniamini, anameza vidonge vyake. Miezi mitatu, alisema daktari, ikizidi sana minne. Ndiyo maana nimeuza ndama, nimefunga mlango, nimemleta kwenye nchi aliyoitaja tangu tulipooana, mwaka wa thelathini na moja huu. Anakula kidogo lakini anacheka. Nikimwambia, kicheko kitakwisha siku hiyo hiyo nibaki na mgonjwa. Sasa hivi bado nina mume.

Kwa hiyo funga mdomo wako. Usimwambie padri, usimwambie mke wa Lar, wala usijaribu kupiga simu kutoka dukani, maana ukipiga pale kijiji chote cha Carne kitasikia kabla yangu. Niandikie, posta ya Vannes.

Halafu kuna kituko: Mogue ananifundisha kuendesha gari! Mimi na miaka yangu hamsini na saba. Anasema macho yanamchoka kwa jua la huku. Usukani wetu uko kulia na wenyeji nao wanaendesha kulia, kwa hiyo sioni kitu ila majani ya kando ya barabara. Jana nimeangusha pipa la takataka la watu. Mwenye pipa alitoka akasema maneno mengi, na Mogue akamjibu kwa Kiingereza kwamba na yeye tunamtakia heri.

Dada yako,
Statia


Quimper
6 Septemba 1986

Shemeji Breda,

Dada yako amekwenda kununua mkate, kana kwamba harufu ya gari haitutoshi. Nina dakika ishirini, kwa hiyo salamu nitaziruka.

Ninakufa. Usipige ukelele, utamwamsha paka.

Hakuna aliyeniambia. Kwanza Lar Codd alinirudishia randa yangu ya kulainishia mbao. Aliiazima mwaka sabini na saba, shemeji! Alinikwepa miaka tisa kila nikimkumbusha, halafu Julai hii akaileta imepakwa mafuta, imefungwa kwenye gazeti. Wiki hiyo hiyo tukacheza karata. Alikuwa na tano ya turufu, karata inayozipiga zote, niliiona kwa macho yangu imechungulia mkononi mwake, akakataa kuicheza ili nishinde. Lar, ambaye angemwibia karata bibi yake mzaa mama siku ya Krismasi! Lakini yeye ni dalali wa ng'ombe, na dalali humjua mnyama anayekwisha kabla ya mwenye mnyama. Kesho yake nikapanda basi mwenyewe mpaka kwa daktari, nikamkalia mpaka akasema. Nikamwomba asimwambie mke wangu. Akatazama viatu vyake akasema, kama upendavyo.

Statia anaamini ni vidonda vya tumbo. Ananihesabia vidonge kama mama wa watoto. Muache apate mwezi wake. Tangu nimuoe hajalala nje ya Wexford isipokuwa fungate yetu, na fungate yenyewe ilinyeshewa. Sasa anaimba akimenya viazi.

Namfundisha kuendesha gari, na sababu ni hii. Siku tutakayoshuka kwenye feri huenda mimi nisiweze kushika usukani. Ana mkono mzuri sana. Usimwambie, ataacha kunisikiliza.

Sitaki kufia hospitali. Wala sitaki kufia huku kwa watu wasiojua kutamka jina langu, wanirudishe kwenye sanduku la bati kama samaki. Nataka niingie kwa mlango wangu, nilazwe chumba cha mbele, na Lar na wenzake wakeshe wakinywa na kunisengenya ninavyostahili. Feri yetu ni Jumamosi tarehe 27. Nitamwambia humo ndani ya feri, mimi mwenyewe, tukishaiona nchi yetu. Kabla ya hapo, hapana. Niapie kwamba utanyamaza, uniandikie kwa jina langu posta ya Vannes, barua nitaichukua mwenyewe.

Anakuja, amebeba mkate mrefu kama mpini wa jembe.

Shemeji yako,
Mogue


Carne, Wexford
11 Septemba 1986

Shemeji Mogue,

Nimelia, nimemaliza, sasa naandika. Naapa, kwa kuwa umetaka niape. Lakini sikiliza maneno ya mwanamke asiyeolewa ambaye hakuna anayemsikiliza: usingoje feri. Mwambie leo, mwambie mkinywa chai. Mke wako si yai. Zaidi ya hapo nimefungwa mdomo, na laiti ungejua jinsi mkono unavyoniwasha.

Breda


Carne, Wexford
11 Septemba 1986

Dada,

Kuku ni wazima, ng'ombe anatoa maziwa, mvua haijatuacha. Sijamwambia mtu. Lakini dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Mama alikuwa akisema, na mama hakuwa mjinga. Mogue ni mtu mzima, amewachongea majeneza nusu ya watu wa parokia hii, kifo hakitamkuta mgeni. Kaa naye umwambie. Huenda anajua zaidi ya unavyodhani. Sisemi anajua. Nasema huenda.

Mdogo wako,
Breda


Vannes
15 Septemba 1986

Breda,

Usinitajie mama. Mama aliambiwa ukweli wake wote na daktari kijana wa mjini, akageukia ukutani, wiki ya pili tukamzika. Ulikuwepo.

Tumegombana na Mogue. Kwanza ni klachi. Ananifokea kana kwamba naingia mashindanoni: "Mguu! Statia, mguu, si shingo!" Mpaka nikalia kando ya barabara, naye akawa ananipigapiga goti. Halafu nikamwambia, feri tuiache, twende Uhispania, turudi Novemba. Akasema hapana. Breda, mume wangu amenikatalia mambo mengi, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia. "Tunarudi Jumamosi ile, na yameisha." Kumbe amenichoka? Au amekinai chakula changu? Maana sahani inarudi kama ilivyokwenda.

Yeye anaifikiria feri kama njia ya kwenda nyumbani. Mimi naiona kama jeneza. Kila siku tunayobaki huku ni siku isiyo na hospitali, isiyo na padri na mafuta yake ya wanaokufa, isiyo na majirani kuja kumwangalia kwa jicho lile. Nikipanda feri ile nampeleka kufa kwa mkono wangu. Basi leo asubuhi nimezificha tiketi ndani ya kopo la chai. Nimemwambia zimepotea.

Mungu anisamehe, na wewe usinihubirie.

Statia


Vannes
16 Septemba 1986

Shemeji,

Naandika kwa ufupi.

Tiketi zimepotea, ndivyo anavyosema. Zimo kwenye kopo la chai, nimeziona nikitafuta sukari, nikazirudisha. Mwanamke ambaye hajawahi kuchukua hata ua la jirani, sasa anaiba tiketi zake mwenyewe kwa jinsi anavyoifurahia Ufaransa. Nimwambieje? Nimnyang'anye furaha ya kwanza aliyopata kwa nafasi?

Lakini damu imeanza kutoka. Namficha, naamka kabla yake. Daktari alikosea hesabu, sina miezi. Nisipopanda feri ile ya Jumamosi sitapanda nyingine. Tafuta sababu ya kumrudisha, Breda. Sababu yoyote, hata ya uongo. Wewe na yeye mmelala kitanda kimoja utotoni, unajua kinachomwinua.

Mogue


Carne, Wexford
20 Septemba 1986

Dada,

Tulia kabla hujasoma. Padri amegeuza zamu ya misa za nyumbani. Ilikuwa iwe kwa akina Sinnott, lakini dari la jikoni kwao limeanguka, na sasa zamu imeangukia nyumba yako. Alhamisi, tarehe 2 Oktoba, saa mbili asubuhi. Kijiji chote kitakuja, na padri atakunywa chai mezani kwako.

Nimetazama jikoni. Ukuta wa nyuma ya jiko una masizi tangu Pasaka. Mimi peke yangu siwezi kupaka chokaa na kufua mapazia na kuoka. Tangu bibi yetu, hakuna mwanamke wa ukoo huu aliyekosekana siku misa ilipoingia nyumbani kwake. Na mke wa Lar ameshaanza kuuliza kama mtarudi, anavyouliza yule.

Pandeni feri ya Jumamosi. Tiketi zitoe kwenye kopo la chai, umwambie zimeonekana.

Mdogo wako,
Breda


Cherbourg
26 Septemba 1986

Shemeji,

Kadi tu. Tiketi zimeonekana! Muujiza. Tunapanda kesho saa moja jioni. Dada yako tangu Vannes hana wimbo mwingine ila masizi, anasema padri akiyaona atahama dini. Umenitendea wema ambao sitakuwa na nafasi ya kuulipa.

Nitamwambia keshokutwa asubuhi tukiuona mnara wa taa wa Tuskar. Nimeshayapanga maneno.

Mogue


Carne, Wexford
9 Novemba 1986

Dada Statia,

Lar amenionyesha kadi uliyompelekea, ndipo nikajua uko Dingle na kwamba unalala ndani ya gari kwenye baridi hii. Sijui kama barua hii utaifungua. Naandika hivyo hivyo.

Siku ile ya misa ya mwezi mmoja tangu Mogue afe nilidhani natenda jema. Watu walipokwisha kuondoka nikakupa barua zake zote nilizokuwa nimezitunza, nikijua utafurahi kuona alivyokuwa akikuwaza. Ulizisoma umesimama, koti mwilini. Halafu ukachukua ufunguo kwenye msumari ukatoka, na nikasikia gari likiwaka. Hukunitukana. Ningetamani ungenitukana.

Nataka ujue yote. Mke wa Lar nilimwambia mimi, mwezi wa Julai, nilipolia kwake jikoni. Kwa hiyo randa ile na karata zile zilitoka kwangu, si kwa jicho la dalali. Na barua zenu nilizilaza kwenye droo moja, zake juu ya zako, kwa wiki tatu. Nilikuwa na bahasha. Nilikuwa na stempu. Ningeweza kuitia yake kwenye bahasha yako na yako kwenye yake, mambo yakaisha. Nilizichukua mkononi mara mbili. Nikajiambia kiapo ni kiapo. Ukweli ni kwamba niliogopa mtanichukia wote wawili. Nikatunga uongo wa misa badala yake, nikautia hata dari la akina Sinnott, masikini, ambalo mpaka leo liko juu.

Nakumbuka Jumapili ile, watu wanatoka misa ya mwisho, nikaliona gari linaingia uani polepole mno, wewe kwenye usukani. Nikapunga mkono. Nikadhani Mogue kando yako amelala. Uliteremka ukasema, "Niitie Lar na wanaume watatu. Kafa usingizini, usiniulize." Hatukukuuliza. Alilazwa chumba cha mbele kama alivyotaka, Lar akamsengenya mpaka akashindwa kumaliza, akatoka nje.

Sasa nakuuliza, kwa kuwa silali. Je, alikwambia? Kule kwenye feri, mlipouona mnara, alikwambia? Nikijua kwamba mlisemezana hata kwa saa moja, nitavumilia mengine. Nijibu hilo tu.

Mdogo wako,
Breda


Dingle, Kerry
21 Novemba 1986

Mdogo wangu Breda,

Barua yako ilikaa siku nane kwenye kiti cha pembeni kabla sijaifungua. Nitarudi wiki ijayo. Nunua chakula cha kuku, najua umewasahau.

Nilikukasirikia kwa kweli. Niliendesha kutoka kwenu mpaka bahari iliponizuia, huku nikikutukana kwa sauti. Nilijiambia, saa kumi na saba tulikaa kwenye meli ile tukidanganyana, na mtu mmoja duniani alikuwa na ukweli wetu wote kwenye droo pamoja na soksi. Kuhusu mke wa Lar, nilijua. Nani mwingine angekuwa? Lakini kuna jambo sikumwambia mtu, na kwa kuwa umeuliza, nitalisema mara moja, halafu tusilirudie.

Tulipata kachumba kenye vitanda viwili. Mogue alijilaza na koti. Nikamletea chai, akainywa nusu ili nifurahi. Tulizungumza nini? Chokaa. Naapa, Breda, chokaa. Akauliza nitamketisha wapi yule mzee kiziwi wakati wa misa, nikasema karibu na padri, akasema, "Basi padri atapigiwa kelele mpaka asahau sala." Tukacheka. Mimi nacheka huku nawaza, huyu hataiona misa yenyewe. Naye, sasa najua, alikuwa anawaza vivyo hivyo, tena akijua kwamba hakuna misa.

Asubuhi akataka tupande juu. Ngazi zilimchukua muda mrefu, nikajifanya viatu vinanibana ili twende taratibu. Upepo ulikuwa mkali. Akashika chuma kwa mikono miwili, akasema, "Ile pale Tuskar." Nikasema naiona. Akanigeukia, akalamba midomo kama anavyofanya akitaka kuhutubia, na hapo hapo akatokea yule mama mwenye duka la vitambaa mjini Wexford, na mumewe. "Jamani, Mogue! Umebaki mifupa! Kwani Ufaransa hawalishi watu?" Mogue akamjibu, "Walinilisha konokono, mama, wakakimbia." Akasimama pale robo saa akichekesha watu. Walipoondoka hakuwa na pumzi tena. Nikamkokota ndani.

Halafu spika zikatutaka wenye magari tuteremke. Unajua kule chini kulivyo, giza, harufu ya mafuta, minyororo inalia, kila mtu amewasha injini kabla ya wakati. Akanipa ufunguo. "Leo unatoa wewe." Nikamwambia sijawahi kutoa gari ndani ya meli. Akasema, "Hakuna aliyewahi kabla ya mara ya kwanza." Nikakaa kwenye usukani, yeye kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini. Mlango mkubwa ukaanza kufunguka, na mwanga ukaingia miguuni mwa magari ya mbele.

Ndipo akasema, "Statia, kuna jambo nataka kukwambia kabla hatujafika."

Breda, nilijua sauti ile. Nilidhani anataka kuniuliza. Nilidhani atasema, je, ninakufa? Na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ya dunia isipokuwa hilo. Ningeweza kuzima injini. Magari ya nyuma yangepiga honi, wangekuja watu wa meli na makoti yao ya manjano, wangengoja. Nani angekufa kwa kungoja? Nikashika gia nikamwambia, "Mogue, ngoja. Nitoe gari hili kwanza."

Akasema, "Haya, mama. Litoe."

Basi nikalitoa. Gari likazima pale kwenye mteremko wa mlango, nikaliwasha, likazima tena. Honi zikalia. Nilimsubiri aseme mguu, Statia, mguu. Hakusema, nikadhani ananiachia nijifunze. Mara ya tatu likakubali, tukatoka juani, ardhi ya kwetu ikagonga chini ya magurudumu, na nikajisikia fahari, siwezi kukuficha, nilijisikia fahari kama msichana. Mtu wa forodha akachungulia dirishani akauliza kama tuna kitu cha kuonyesha. Akamtazama Mogue, kofia imeteleza mpaka miguuni. Akanong'ona, "Mzee kachoka?" Nikasema amechoka, na hatuna kitu. Akatupungia tupite.

Nikasogeza gari kando, nje ya uzio wa bandari, mahali pasipo na watu. Nikazima injini vizuri, nikavuta breki, kama alivyonifundisha. Nilikuwa nimeshaamua njiani kwamba akiniuliza sitamdanganya tena, nitamwambia yote, nitamshika mikono. Nikamgeukia. Nikamwambia, "Haya, Mogue. Tumeshatoka. Sema."

Dada yako,
Statia